Sabuni Ndiyo Iliyozaa Tamthilia

Leo sina umbea wa staa yeyote. Najua wengine mmefungua hapa mkitegemea muendelezo wa ile ndoa ya juzi, tulieni, itakuja. Leo nina stori ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako ukae vizuri.

Imeanza hivi. Wiki iliyopita tulikuwa sebuleni kwa shangazi tunaangalia tamthilia ya Kituruki, hizi zilizotafsiriwa Kiswahili. Mambo yamefika pabaya, mke kaishika simu ya mumewe, anataka kuifungua, mara paa, matangazo. Sabuni ya unga. Shangazi akasonya, "Hivi hawa watu wa sabuni nani kawaalika?" Mimi nikacheka peke yangu, maana usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesoma kitu mpaka saa nane. Nikamwambia, shangazi, wenye nyumba ndo hao. Wageni ni sisi.

Akaniangalia kama nimeanza kuumwa. Basi hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya mtu mwingine mmoja ambaye nitamtaja mwishoni.

Tamthilia hizi za kila siku, zile ambazo leo mtu anakufa kesho kutwa anafufuka, Waingereza na Wamarekani wanaziita soap opera. Yaani opera ya sabuni. Jina hilo nililisikia tangu niko kidato cha pili, ila sikuwahi kujiuliza sabuni imeingiaje humo. Nilidhani labda kwa sababu watu wanalia sana machozi yanatoa povu.

Ili uelewe inabidi turudi nyuma kidogo kabla ya redio. Mwaka 1833 pale New York, jamaa mmoja anaitwa Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun akaliuza senti moja, wakati magazeti mengi ya mjini yalikuwa senti sita. Watu wakadhani kachanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua hela haitatoka kwa msomaji, itatoka kwa wenye maduka wanaotaka kumfikia msomaji. Kwa hiyo kazi ya gazeti ikawa kukusanya macho mengi iwezekanavyo, halafu kuyauza hayo macho. Miaka miwili baadaye gazeti hilo hilo likaandika kwamba kuna viumbe vyenye mabawa vinaishi mwezini, mfululizo wa habari kabisa, na watu wakanunua. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba siku hizi blogu zinaandika uongo ili zipate watazamaji, mwambie ugonjwa huo una karibu miaka 200.

Sasa redio. Redio ilikuja na tatizo ambalo gazeti halikuwa nalo. Gazeti unalishika mkononi, unalilipia. Redio ni hewa. Jirani akiwasha na wewe unasikia bure, utamdai nani? Waingereza walipoanzisha BBC mwaka 1922 waliamua kila mwenye redio akate leseni, kama vile baba zetu walivyokuwa wanakatia baiskeli leseni. Marekani wakapita njia nyingine.

Tarehe 28 Agosti 1922, kituo cha WEAF cha New York kiliuza kama dakika 10 za hewani kwa kampuni ya nyumba iliyoitwa Queensboro Corporation. Bei dola 50. Kituo hicho kilikuwa mali ya kampuni ya simu, AT&T, na wao walifikiri kama watu wa simu wanavyofikiri: anayetaka kuongea alipe. Yaani redio kwao ilikuwa kama kibanda cha simu, ila unaongea na mji mzima.

Kilichonishangaza ni hayo maongezi yenyewe. Mtu ungetegemea waseme nyumba zetu nzuri, bei poa, njoo ununue. Wapi! Jamaa alianza kwa kumkumbuka mwandishi mkubwa wa hadithi wa Marekani, Nathaniel Hawthorne, kwamba sasa ni miaka 58 tangu afariki. Akatoka hapo akaja kwenye nyumba zilizopewa jina la huyo marehemu, akaongelea hewa safi, akaongelea watoto kupata pa kuchezea mbali na msongamano wa mjini. Unaona? Tangazo la kwanza kabisa la kulipiwa kwenye redio ya Marekani halikuja na sura ya tangazo. Lilikuja limevaa stori.

Wapo waliopiga kelele. Herbert Hoover, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa biashara na baadaye akawa rais, alisema haifai kabisa kitu kikubwa kama redio kizamishwe kwenye maneno ya wauza bidhaa. Alisema hivyo mwaka huo huo 1922. Haikusaidia kitu. Ila mwaka 1927 ilipotoka sheria ya redio kuna kifungu kimoja waliweka ambacho naomba ukikumbuke, tutarudi nacho: kitu chochote kilicholipiwa kikirushwa hewani, kituo kiseme kwamba kimelipiwa, na kimlipiwa na nani.

Ngoja sasa tuje kwenye sabuni.

Miaka ya 1930 Marekani ilikuwa imekwama. Mdororo wa uchumi, watu hawana kazi, viwanda vimefungwa. Ila hata ukiwa huna hela nguo lazima ufue. Kampuni ya Procter & Gamble ya Cincinnati walikuwa wanauza sabuni, na walijua anayechagua sabuni ya nyumbani ni mama. Mama yuko wapi mchana? Nyumbani. Anafanya nini? Anafua, anapika, anapiga pasi, mikono ina kazi ila masikio yako huru. Nadhani hapo umeshajua kilichofuata.

Mwaka 1933 wakaleta mchezo wa redio unaoitwa Ma Perkins. Mjane mmoja mtu mzima, ana kiwanja cha kuuza mbao kwenye kamji kadogo ka kubuni, watoto wamemuelemea, majirani wote wakiwa na shida wanakuja kwake. Mdhamini wake ni sabuni ya unga ya Oxydol. Kila siku za kazi, mchana, robo saa tu. Halafu inakatwa pale pale patamu ili kesho urudi. Huo ujanja wa kukata patamu ambao unatutesa mpaka leo, hawakuuweka kwa ajili ya sanaa. Waliuweka ili kesho usikie tena jina la sabuni.

Aliyeigiza Ma Perkins alikuwa binti wa miaka 23 tu, Virginia Payne. Akaigiza sauti ya bibi mpaka mchezo ulipofungwa mwaka 1960, vipindi zaidi ya 7,000, na yeye yumo vyote. Hebu fikiria, unaanza kazi kama binti unajifanya mzee, unamaliza kazi umeshakuwa mtu mzima kweli.

Na usidhani ilikuwa Ma Perkins peke yake. Huko Chicago alikuwepo mwanamke aliyekuwa mwalimu, Irna Phillips, ambaye mwaka 1930 aliandika mchezo wa Painted Dreams, na watu wengi wanauhesabu kuwa ndio wa kwanza wa aina hii. Huyu mama alikuwa mashine. Alianzisha The Guiding Light mwaka 1937 kwenye redio, ukahamia kwenye TV mwaka 1952, ukaja kufungwa mwaka 2009. Miaka 72! Na nyuma yake, miaka yote hiyo isipokuwa michache, wamekaa wale wale watu wa sabuni.

Wadhamini walikuwa na njia yao ya kujua kama unasikiliza. Mtangazaji anasema, kata kipande cha boksi la sabuni, weka na senti 10, tuma kwa posta, utaletewa zawadi. Barua zikifika wanahesabu. Kwa hiyo wakati wewe unafurahia zawadi yako, wao wanafurahia hesabu. Haina tofauti na leo tukiambiwa "taja neno la siri la leo, tuma kwenye namba hii ushinde".

Sasa, kabla hujaanza kuwachukia watu wa sabuni, kuna jambo nataka uliangalie. Wao hawakujificha. Jina la Oxydol lilitajwa mwanzo, lilitajwa mwisho, mpaka mchezo wenyewe uliitwa Ma Perkins wa Oxydol. Mama aliyekuwa anafua alijua kabisa nani anamlipia burudani, na akitaka kukasirika anajua wa kumkasirikia. Kuna mtu mwingine, wakati huo huo, mji ule ule wa New York, alikuwa anafanya kinyume chake. Huyu ndo alinikosesha usingizi.

Anaitwa Edward Bernays. Mzaliwa wa Vienna mwaka 1891, mpwa wa Sigmund Freud, yule daktari wa mambo ya akili. Bernays hakuwa anauza kitu chochote kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kufanya wewe utake kitu, na udhani umetaka mwenyewe.

Mfano mdogo kwanza. Kampuni ya nyama, Beech-Nut, ilitaka kuuza nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mtu wa kawaida angetoa tangazo la kusema nyama yetu tamu. Bernays akamwendea daktari, akamuuliza, asubuhi ni bora mtu ale kifungua kinywa cha nguvu au chepesi? Daktari akasema cha nguvu. Akamuomba awaandikie na madaktari wenzake kuwauliza kama wanakubali. Maelfu wakajibu wanakubali. Hilo likapelekwa magazetini kama habari: madaktari wasema asubuhi kula vizuri, na pembeni hapo nyama na mayai vikatajwa. Hakuna mahali palipoandikwa tangazo. Wamarekani mpaka leo wanadhani babu zao walizaliwa wanakula hivyo.

Ile kubwa ni ya sigara. Mwaka 1929, mwanamke wa Kimarekani kuvuta sigara barabarani ilikuwa aibu. Kampuni ya American Tobacco, wenye Lucky Strike, waliona nusu ya soko inawapita hivi hivi. Wakamlipa Bernays. Yeye akaenda kuuliza kwa mtaalamu wa mambo ya Freud sigara ina maana gani kwa mwanamke, akajibiwa kwamba ni kama mwenge wa uhuru. Basi siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1929, kwenye barabara ya Fifth Avenue ambako watu wenye hela zao wanatembea na nguo mpya baada ya ibada, mabinti kadhaa wakatoa sigara, wakawasha mbele ya watu. Waandishi na wapiga picha wakawepo, kwa bahati tu eti. Mmoja wa mabinti hao akaongea na waandishi kana kwamba ni wazo lake mwenyewe la kupigania haki za wanawake. Alikuwa katibu wa Bernays.

Kesho yake magazeti yakaandika. Habari, siyo tangazo. Haikutajwa kampuni.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Kwa sababu wale wanawake waliosoma lile gazeti siyo kwamba walikuwa wajinga. Wangeambiwa "kampuni ya tumbaku inakuomba uvute" wengi wangecheka. Walichoambiwa ni kwamba wenzao wamejikomboa. Na kilichoniuma zaidi, Bernays mwenyewe nyumbani kwake alikuwa anahangaika mkewe aache sigara.

Tutoke Marekani, maana stori hii inakuja mpaka kwetu na watu hawajui.

Mtindo wa mchezo wa redio wa sabuni ulishuka kusini, Cuba, Mexico, Argentina, na huko pia wauza sabuni na dawa za meno walitangulia na hela zao. Ukazaa telenovela. Mwaka 1969 nchini Peru ikaanza kurushwa telenovela inayoitwa Simplemente María. Binti katoka kijijini, kaja Lima kufanya kazi za ndani, tajiri kampa mimba kamtelekeza. Stori unaijua, hata hapa kwetu ipo kila mtaa. Ila María akajifunza kusoma usiku, akajifunza kushona, akashona mpaka akawa mbunifu mkubwa wa mavazi. Cherehani aliyotumia ni Singer.

Sasa mabinti wa kazi wa Peru wakaanza kwenda shule za jioni, wakaanza kutafuta masomo ya ushonaji, na cherehani za Singer zikauzika kama maandazi. Siku María alipofunga ndoa kwenye tamthilia, maelfu ya watu walienda kwenye kanisa ambako walikuwa wanarekodi, wamevaa nguo za harusi, wamebeba na zawadi. Mtu anampelekea zawadi bibi harusi wa kuigiza! Shangazi angekuwepo angekwenda, namjua.

Mtayarishaji mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, akaliangalia lile jambo akajiuliza swali moja tu: kama stori inaweza kuuza cherehani bila hata kukusudia, kwa nini isiuze jambo jema kwa kukusudia? Mwaka 1975 akatengeneza telenovela ya kuhamasisha watu wazima wajifunze kusoma, na mwaka 1977 nyingine ya uzazi wa mpango. Zikafanya kazi. Mbinu yake ikaanza kusafiri.

Na ikafika Dar es Salaam. Julai 1993, Radio Tanzania ikaanza kurusha Twende na Wakati. Kumbuka Bara hatukuwa hata na TV, ilikuja 1994, ingawa Zanzibar walishakuwa nayo ya rangi miaka ishirini nyuma. Redio ya taifa ndo ilikuwa kila kitu. Mama yangu anasema saa ya Twende na Wakati ikifika huwezi kumtuma mtoto dukani, na muuza duka naye hayupo. Kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, ana wanawake kila kituo njiani, na mke wake Tunu yuko nyumbani anavumilia mpaka siku alipochoka akaanza biashara yake. Mkwaju mwisho akafa kwa UKIMWI. Mama anasema mtaani kwao mwanaume mwenye tabia hizo walimwita Mkwaju mpaka jina lake halisi likasahaulika.

Kitu ambacho mama hakujua, na mimi nimekijua majuzi tu: watafiti waliufanya huo mchezo kuwa jaribio. Mtambo wa Dodoma haukurusha Twende na Wakati toka 1993 mpaka 1995. Makusudi. Watu wa Dodoma walipewa vipindi vingine, ili waje walinganishwe na mikoa mingine waone kama mchezo umebadilisha kitu. Na ulibadilisha, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule uliposikika. Sijui nijisikieje kuhusu hili. Matokeo yenyewe yamesaidia nchi nyingine nyingi kufanya michezo ya aina hiyo, sawa. Ila najaribu kumfikiria mwanamke wa Dodoma mwaka 1994, mume wake dereva wa lori, ambaye stori ya Tunu haikumfikia kwa sababu yeye ndo alikuwa upande wa kulinganishia. Nyinyi mnaonaje? Wa Dodoma hasa nataka niwasikie.

Haya. Nilisema kuna mtu nitamtaja.

Wasomaji wa siku nyingi mnakumbuka mwaka jana niliweka hapa posti ya majani ya chai ya kupunguza tumbo. Niliandika kama stori yangu: nilivyokuwa, nilivyohangaika, nilivyoyapata, wiki tatu tumbo likakata. Na picha mbili, kabla na baada. Ukweli ni huu. Sijawahi kuyanywa. Picha nilitumiwa, sijui hata ni tumbo la nani. Mwenye biashara alinitumia shilingi 40,000 kwenye simu na maelekezo mawili: iwe stori yako, na usiseme kama ni tangazo, watu wakijua ni tangazo hawanunui. Kodi ya chumba ilikuwa imefika. Nikaandika jioni hiyo hiyo, na kwa kweli niliona nimeandika vizuri.

Baada ya wiki mbili mama mmoja akaandika hapo chini. Ananyonyesha, mtoto ana miezi mitano, alitaka mwili urudi. Aliyanywa siku nne, akaharisha mpaka akaishiwa nguvu, na maziwa yakapungua, mtoto analia usiku kucha. Hakutukana. Aliandika tu, nisingenunua kwa muuzaji, nilinunua kwa sababu uliyesema ni wewe.

Nikafuta. Siyo maneno yake peke yake, nilifuta posti nzima, na maneno yake yakaenda nayo. Nikajiambia nimefanya jambo la maana, wengine wasidanganyike tena. Sikuandika chochote. Hela sikurudisha.

Ndo maana yule katibu wa Bernays pale Fifth Avenue alinikaa kooni. Nilianza kusoma hizi habari kwa ajili ya posti nyepesi ya kuchekesha kuhusu sabuni na tamthilia, mwezi huu huu ambao mwenye chai kanitafuta tena na bei mpya. Nikakutana na mimi mwenyewe nimeshika sigara ya mtu mwingine, naongea na waandishi. Ma Perkins angalau alisema jina la sabuni.

Juzi nilimtafuta yule mama, nilikuwa nimebaki na barua pepe yake. Nikamwambia yote, mpaka ile elfu arobaini. Alikaa siku mbili bila kujibu. Jana usiku akajibu kwamba mtoto hajambo, anatambaa, anavuta kila kitambaa cha meza. Halafu akaandika: msamaha sawa, ila rudisha yale niliyoyaandika mimi, ulikuwa hauna haki ya kuyafuta.

Nimeyatafuta kwenye akiba ya blogu nimeyapata, mistari saba. Yako kwenye posti inayofuata, peke yake, hayana picha.